Dawa ya nini, shangazi?

Mwaka 2011 shangazi yangu aliuza mbuzi wawili apate nauli ya Loliondo. Alikunywa kikombe chake cha dawa, iliyosemwa kutibu UKIMWI na magonjwa mengine sugu, kwa shilingi 500 pale kijijini Samunge, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hadi leo ananiuliza: "Mwanangu, ile ilikuwa dawa au haikuwa dawa?"

Nami humrudishia: dawa ya nini, shangazi?

Simkwepi. Mti ambao marehemu Mchungaji Mwasapila, mwenye kikombe hicho, alichemsha mizizi yake, uliovuma kwa jina la mugariga, ndio mtandamboo, ule wa miiba na vitunda vyeusi wanavyotafuna watoto wachungao mbuzi. Mwaka 2006, kabla ya foleni zile, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao walikwisha chapisha majaribio ya mizizi hiyohiyo. Waliitoa dondoo, yaani viini vyake vya dawa, kwa maji, kama afanyavyo mganga, wakaijaribu kwa kirusi cha herpesi, kile cha vidonda vya midomoni na sehemu za siri.

Jaribio lenyewe ni hivi. Unaotesha seli za figo ya tumbili kwenye sahani mpaka zitande kama mkeka, kisha unamwaga virusi. Baada ya siku chache mkeka unatoboka matundu, mithili ya kanga iliyoliwa na mende. Unayahesabu. Penye dondoo, mikrogramu 50 kwa mililita, hapakuwa na tundu hata moja. Hata virusi sugu kwa asiklovia, dawa ya hospitali ya herpesi, vilisalimu amri.

Hapo wengi hupiga vigelegele. Mimi hutazama kwanza sahani ya pembeni, ya seli zilizopewa dondoo bila virusi. Maana hata Jik huua virusi, ila huua na mkeka wenyewe. Mtandamboo ulifaulu: nusu ya seli hazikufa mpaka ilipofika mikrogramu 480. Si haba.

Panya walioambukizwa kirusi hicho nao walinywa robo gramu ya dondoo kwa kila kilo ya uzito, na wengi wakapona kifo. Shangazi ana kilo 70. Kwa hesabu ya sokoni (wafamasia wana yao) hizo ni gramu 17 na ushee za dondoo. Kikombe chake kilikuwa na ngapi? Anasema foleni nzima hakumsikia aliyeuliza.

Na herpesi si UKIMWI. Mzizi uliozima kirusi kimoja kwenye sahani haukupi ruhusa ya kutupa ARV, na waliozitupa walikuwepo. Siwalaumu wao kwanza. Nawalaumu waliokuwa na matokeo ya mtandamboo kwa Kiingereza kwenye kabati, wakanyamaza wakati redio zote zinazungumzia kikombe.

Juzi shangazi katokwa na vidonda vya mdomo, akanipigia. "Hiki si ndicho kile kirusi chako?"

Nikamwambia ndicho, ila aliyetibiwa ni panya.

"Haya," akasema, "basi mimi nichemshe au nisichemshe?"

Nikamwambia aende zahanati. Akakata simu.