Faini Tangu 1970

Kilichoniponza ni kujisifu. Kwenye kikao cha chama chetu kule Manyatta, Kisumu, mweka hazina alilalamika kwamba programu ya michango inamtolea tarakimu mahali pa tarehe: 1750000000, na nyingine za ukoo huo.

Nikakohoa kidogo. "Hizo ni sekunde, mama. Zinahesabiwa tangu Januari 1, 1970. Niachie usiku mmoja tu."

Asubuhi nikaitupa orodha kwenye grupu ya wasapu bila hata kuikagua, nikaenda zangu kunywa chai. Sijamaliza andazi la kwanza, simu ikaanza kurukaruka mezani kama omena kikaangoni.

Michango ya mwaka mzima ilikuwa imelipwa siku moja: Januari 21, 1970. Nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba zile sekunde ni milisekunde, yaani vipande vya elfu moja vya sekunde, basi kila wiki ikabanwa ikawa dakika kumi. Watu wangecheka yakaisha, lakini jedwali lilelile ndilo linalopiga faini ya mikopo, shilingi 50 kwa kila siku ya kuchelewa. Mama mmoja muuza samaki, aliyekopa elfu mbili, akajikuta anadaiwa faini ya milioni moja na kitu.

"Kijana," akanipigia, "mwaka huo hata mamangu alikuwa hajaolewa. Huo mkopo nilipewa nikiwa wapi?"

Nikakimbilia kompyuta, nikazidisha kwa 1,000. Kwa ile haraka nikazidisha mahali pawili, mikopo ikahamia mwaka wa 57,000 na ushei. Mwenyekiti akaandika kwenye grupu: "Hiyo sasa ndiyo tarehe ya kulipa."

Jioni tarehe zikakaa sawa. Mweka hazina, ambaye mashine hajawahi kuziamini, akaja na daftari lake lililoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia, akawa anashusha kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama kwenye jina langu.

"Hapa wewe umelipa tarehe 31, saa nne usiku. Mbona ujumbe wa pesa yako uliniamsha saa saba, tarehe moja imeshaingia?"

Masaa matatu ya kutoka saa za Greenwich, ambazo ndizo zile sekunde hufuata, hadi zetu sikuwa nimeyaongeza. Na niseme ukweli, nilikuwa nimeyaona.

"Hilo ni kosa la kompyuta, mama."

"Kompyuta haimo kwenye daftari hili," akasema, akailamba ncha ya penseli, akaandika 50.