Sampuli Kubwa, Kura Chache: Mtego wa Majaribio Wakati wa Uchaguzi

Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2014, wapigakura wapatao 100,000 wa jimbo la Montana, Marekani, walipokea barua yenye nembo ya jimbo lao. Iliwapanga wagombea ujaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo kwenye mstari wa kiitikadi kati ya Barack Obama na Mitt Romney, waliopambana katika uchaguzi wa urais wa 2012, ingawa kinyang'anyiro hicho hakina vyama. Serikali haikuhusika. Barua ilitoka kwa watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Dartmouth, waliotaka kujua kama taarifa za aina hiyo huwavuta watu vituoni. Vyuo viliomba radhi, na mwaka 2015 msimamizi wa sheria za kampeni wa Montana akasema sheria ilivunjwa.

Nembo ndiyo iliyopigiwa kelele. Kinachonisumbua mimi ni ile 100,000, kwa sababu haikutokana na uroho wa mtu bali na hesabu.

Tuseme nusu ya watu hupiga kura, nawe unataka kugundua ongezeko la pointi 5 za asilimia. Kwa viwango vya kawaida vya takwimu, watu 1,600 hivi katika kila kundi, la waliotumiwa barua na la wasiotumiwa, wanatosha. Ongezeko likiwa pointi 1 tu, unahitaji karibu 39,000 kila kundi. Athari ikipungua kwa nusu, sampuli hukua mara nne. Na athari nyingi katika siasa ni ndogo. Mtafiti mwangalifu kitakwimu, basi, ndiye anayelazimika kugusa watu wengi zaidi.

Wanaotetea majaribio haya wana hoja nzito. Vyama huwafuata zaidi watu ambao tayari wana mazoea ya kupiga kura, kwa hiyo kulinganisha waliofikiwa na wasiofikiwa hakukuelezi lolote kuhusu kampeni yenyewe. Kugawa watu kwa bahati nasibu huondoa udanganyifu huo. Ndivyo ilivyojulikana, katika kura za mchujo za Michigan mwaka 2006, kwamba barua ya kumwambia mtu majirani watajua kama alipiga kura iliongeza mahudhurio kutoka karibu asilimia 30 hadi 38. Wanasiasa hutuma barua za kila namna bila kumwomba mtu ruhusa. Mtafiti abanwe kuliko wao?

Kenya inatoa mfano mgumu zaidi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, tume ya uchaguzi yenyewe, IEBC, ikishirikiana na watafiti, ilituma jumbe milioni 11 hivi kwa simu za wapigakura wapatao milioni 2. Hazikumpendelea mgombea, na mtumaji alikuwa mwenye mamlaka. Mahudhurio yaliongezeka kidogo. Lakini baada ya uchaguzi, ambamo vifaa vya kielektroniki vilikwama, waliopata jumbe waliiamini tume kidogo kuliko ambao hawakupata, hasa wafuasi wa walioshindwa. Bila jaribio, tume ingeendelea kuamini kwamba jumbe zake zinajenga imani. Hilo ni tunda halisi la utafiti.

Hata hivyo, Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07, akikwepa duru ya pili kwa kura zisizofika 10,000. Jumbe zikivuta hata nusu ya asilimia moja tu ya watu milioni 2, hao ni watu 10,000. Sisemi jumbe ziligeuza matokeo. Wapokeaji walikuwa wa pande zote. Nasema hesabu hiyo ilipaswa kuwa mezani.

Kamati za maadili, zinazoidhinisha tafiti, huwa haziiulizii. Zimezoea kumlinda mshiriki mmoja mmoja, na ujumbe wa simu haumuumizi mtu. Ridhaa nayo haitoshi, maana hata wapokeaji wote wakikubali, mgombea aliyeshindwa na wapigakura wengine hawajaulizwa. Chama cha wanasayansi ya siasa cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2020, kimewataka watafiti wazingatie athari kwa mchakato wenyewe wa kisiasa, lakini hakuna kizingiti cha namba.

Ningependekeza kimoja: athari kubwa kabisa inayowezekana ibaki mbali chini ya tofauti ya kura inayotarajiwa. Maana yake ni kufanya majaribio kwenye ngome za vyama, na matokeo ya ngome hayakuelezi vizuri kuhusu maeneo yenye ushindani. Hasara hiyo naikubali. Ila katika kura ya urais Kenya hata ngome hainusuru kitu, kwani nusu inayotakiwa huhesabiwa nchi nzima na kura ya ngomeni ina uzito uleule. Huko ningebaki na tafiti za maoni, pamoja na udhaifu wake wote.