Usiulize koilova inashusha gari kiasi gani

Mwenye Toyota Altezza wa Tanga akisema anataka kubadili miguu, yaani kufunga koilova (seti ya shokapu na springi inayobadilishika urefu), swali lake la kwanza huwa gari litalala mpaka wapi. Anapima kwa vidole kati ya tairi na fenda: viwili, kimoja, au fenda imeze tairi kabisa. Kwangu mimi hilo ni swali la mwisho. Kwa barabara tulizonazo, koilova ichaguliwe kwa nafasi inayobaki baada ya gari kushuka, yaani shokapu itakuwa na milimita ngapi za kuingia ndani kabla haijagonga mwisho. Rangi ya springi, idadi ya kliki za kurekebisha ukali wa shokapu na stika ya kubandika kioo cha nyuma vitapata siku yake.

Naizungumzia Altezza kwa sababu ndiyo ninayoendesha, na ndiyo gari dogo la spoti ambalo mtu wa kawaida hapa mjini anaweza kulinunua bila kuuza shamba. Mengi yanamhusu pia mwenye Mazda Roadster au Vitz RS, ila pana mahali tunaachana, na nitapataja.

Koilova ni shokapu iliyovikwa springi, mwili wake ukiwa na thredi ili kikalio cha springi kipande au kishuke kwa kuzungusha ringi. Springi inabeba uzito wa gari. Shokapu inaituliza springi isiendelee kucheza baada ya kugonga shimo. Ukizitenganisha kazi hizo mbili kichwani utaona kwa nini kukata springi kwa gesi na kuacha shokapu zilezile ni uhuni: moto unaua ugumu wa chuma, na springi iliyofupishwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake siku gurudumu litakaponing'inia hewani.

Wapo wanaosema koilova hazifai Bongo, mjadala umefungwa. Sikubaliani nao. Altezza za mwisho zilitengenezwa mwaka 2005, kwa hiyo hata iliyo changa ina miaka 20 mgongoni, na nyingi zinashushwa bandarini zikiwa na shokapu zilizokwishachoka na bushi (mipira ya viungo vya miguu) zilizopasuka. Gari la namna hiyo likipita bondeni linanesa kama kitanda cha kamba, na mwenyewe anakwambia "laini hili, bwana". Hilo ungeliwekea hata shokapu mpya za kawaida za KYB ungedhani umebadilishiwa gari. Ndiyo maana huwa sipokei haraka ushuhuda wa mtu aliyetoa shokapu mfu akafunga koilova mpya. Hujui anachosifia ni koilova au ni uzima.

Turudi kwenye nafasi. Tuseme gari likiwa limesimama, shokapu ina milimita 80 za kuingia ndani. Ukiishusha ringi ya springi milimita 50, zinabaki 30, na stopa, ule mpira unaoizuia shokapu isigonge mwisho, inakula sehemu ya hizo. Sasa toka nalo mjini, pita Pongwe, Muheza, Hale, mpaka Segera. Kila penye makazi utakuta rasta, kisha tuta, kisha rasta tena. Kwenye kila tuta stopa inafanya kazi ambayo springi ilipaswa kuifanya, na ule mshtuko unaousikia kiunoni ndio huohuo unaokwenda kwenye boljointi na kwenye viungio vya bodi. Mwenye gari hilo atakwambia koilova zake ni ngumu mno. Mara nyingi hata hajafika kwenye ugumu wa springi, anakalia stopa.

Halafu kuna barabara inayofanya watu wenye akili timamu wanunue magari haya: Mombo kwenda Lushoto, kilomita zaidi ya 30 za kona zinazopanda Usambara, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Lami yake ina viraka, na viraka vingine viko katikati ya kona. Gari lisilo na nafasi ya miguu likikanyaga kiraka hapo, tairi linaachia lami kwa kitambo kidogo, na tairi lililo hewani halipigi kona wala halifungi breki. Tazama magari ya rali yanavyokaa: yako juu, miguu mirefu, na yanakwenda kasi ambayo Altezza iliyolala haiiwezi kwenye njia hiyohiyo. Kushuka kidogo kunasaidia kweli, uzito unakaa chini na gari halilali sana kwenye kona. Mimi kwa hapa sivuki milimita 30 kutoka urefu wa kiwandani, na nikipata 20 naridhika.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuuliza muuzaji ni namna koilova inavyobadili urefu. Zipo ambazo ringi ya springi ndiyo inayofanya kila kitu; ukishusha gari unaila nafasi ya shokapu. Zipo ambazo kipande cha chini, kile kinachoshika mkono unaobeba gurudumu, kinazungushwa peke yake, springi na shokapu vikabaki vilivyo. Hizi za pili ni ghali zaidi na ndizo ninazozipendekeza, kwa tahadhari moja: kwa kuwa shokapu haijapoteza nafasi, gurudumu linaweza kupanda mpaka likala fenda kabla shokapu haijafika mwisho. Kabla ya kufunga springi, pandisha gurudumu kwa jeki uone linakogusa.

Na hapo hapo niondoe imani moja ya gereji, kwamba ukikaza ringi springi inakuwa ngumu. Haiwi. Springi nyingi za koilova zimesokotwa sawasawa toka juu hadi chini, na ya kilo 6 kwa milimita inabaki kilo 6, uikaze usiikaze. Unachokifanya ni kuinua gari, na ukipitiliza unaiba nafasi ya gurudumu kushuka kwenye shimo.

Namba ya springi, yaani hizo kilo kwa milimita, ndipo watu wanapoingizana mkenge. Mwenye Vitz anamwambia mwenye Altezza, "nimeweka 8 mbele, iko poa", na huyu anaagiza 8. Magari hayo hayafanani kabisa. Vitz mbele shokapu imesimama karibu na gurudumu lenyewe, kwa hiyo gurudumu likipanda milimita moja, springi inabanwa karibu milimita hiyohiyo. Altezza na Roadster zina mikono miwili, juu na chini, na shokapu imekaa katikati ya mkono. Tuseme imekaa kwenye 0.7 ya urefu wake. Namba hiyo inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, inakuwa 0.49, na springi ya 8 gurudumuni inahisiwa chini kidogo ya 4. Kwenye Vitz ileile 8 inabaki 7 na ushee, tena juu ya pua nyepesi. Huyo mwenye Vitz anayesema iko poa ana mgongo wa chuma. Kwa Altezza ya barabarani mimi sizidishi 8 mbele na 6 nyuma. Kwa Roadster, yenye uzito wa kama tani moja tu, ningeanza na 6 na 4.

Ndani ya shokapu kuna mitindo miwili. Ya mrija mmoja, kama Bilstein na BC Racing, ina gesi ya naitrojeni yenye msukumo mkubwa, inatoa joto vizuri, na pistoni yake inateleza moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni inaweza kukwama. Ya mirija miwili ina ukuta wa ziada nje, msukumo wake ni mdogo, na kwa kawaida ni laini zaidi na nafuu. Kwenye uwanja wa mashindano ningechukua mrija mmoja bila kufikiri. Kwa mtu ambaye Jumapili anapanda milima ya Amani kwenye kokoto na Jumatatu yuko kazini, nachagua mirija miwili. Kampuni ya Tein ina seti inayoitwa Flex Z: mirija miwili, urefu unabadilishwa kwa chini, hatua 16 za ukali. Wanaoibeza wanasema haifunguliki kukarabatiwa. Sawa, lakini shokapu inayofunguka ina maana kwa mtu mwenye karakana ya kujaza naitrojeni jirani. Mimi jirani yangu anauza madafu.

Kliki 30 za seti nyingine dhidi ya hizo 16? Sipotezi muda. Watu wengi hutafuta sehemu moja inayowafaa, wanaiacha hapo miaka.

Kitu ambacho makala za Wajapani na Waingereza haziwezi kukusaidia sana ni bahari yetu. Ukilaza gari Raskazone au Mwambani, asubuhi kioo kina utando wa chumvi. Chumvi hiyo imeingia kwenye thredi pia. Ringi nyingi ni za alumini na mwili wa shokapu ni chuma, na metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi, moja inaila nyingine. Kuna Roadster niliikuta gereji moja Ngamiani, iko juu ya jeki, ringi ya nyuma kushoto imegoma. Kando yake unga mweupe umejaa kwenye thredi mpaka huoni mfereji. Fundi alimwagia mafuta, akasubiri, akashika patasi na nyundo. "Kaka, hii inatoka kwa lugha yake." Ilitoka kweli, ila meno yote ya upande mmoja yalikuwa yamelika, na hakuna spana ya ndoano itakayoishika tena. Gari lile sasa lina urefu mmoja wa maisha.

Dawa yake ni ndogo. Siku ya kufunga, paka thredi grisi inayokataa maji, kisha zungushia mkanda sehemu ya thredi isiyotumika. Osha kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka ufukweni. Kabla ya masika zungusha kila ringi kidogo, uirudishe ilipokuwa.

Ukishawishika na mtumba wa Japani kutoka Gerezani, Dar es Salaam, futa kwanza vumbi kwenye shafti. Ukiona vidoti vya kutu kwenye kromu, acha, vitachana sili inayozuia mafuta yasivuje. Bonyeza shafti mpaka chini uiachie: ya gesi inapaswa kupanda yenyewe taratibu, bila kusita mahali. Fanya hivyo kwa zote nne, maana seti nyingi za mtumba zina tatu nzima na moja ya kusindikiza.

Kwenye kufunga nina ugomvi mmoja tu na mafundi wetu: wanakaza bolti za bushi gari likiwa bado hewani. Magurudumu yakishushwa, mpira wa bushi unajikunja na kubaki umejikunja siku zote, unachanika mapema. Zishikize tu, teremsha gari likalie tairi zake, ndipo ukaze. Alaimenti nayo haina mjadala. Tairi likiisha upande wa ndani wengi hulaumu namna lilivyolala. Mara nyingi mkosaji ni jinsi tairi mbili zinavyotazamana, na hilo linarekebishika siku hiyohiyo. Ila alaimenti ya siku ya kufunga ni ya kukuwezesha kutembea tu. Acha springi zikae wiki mbili tatu, pima urefu pembe zote nne, kaza ringi upya, rekebisha taa za mbele zilizoshuka pamoja na pua, kisha ndiyo ulipie ile ya kudumu.