Noah ni Nuhu aliyepoteza herufi

Mpwa wangu alijifungua salama mwezi wa nne. Kabla hata hatujafunga safari ya kwenda kumpa hongera, jina lilishatua kwenye grupu la ukoo: Noah. Dakika haikupita, shemeji yetu wa Arusha akauliza ni ya mwaka gani na kama imeshalipiwa ushuru.

Kwa msomaji aliye mbali na Tanzania: Noah kwetu ni gari. Ni ile Toyota ya familia iliyogeuka kuwa ya abiria, watu wanabanana humo na magunia yao. "Nimekuja na Noah" haina maana kwamba umekuja na mtu.

Mpwa alinuna. Akaandika kwamba jina ameliangalia vizuri mtandaoni, ni la Kiebrania, maana yake "pumziko", na huko duniani ndilo linalotamba. Yote matatu ni kweli. Ila kila moja lina mkia, na mimi mikia hiyo ndiyo ninayoipenda.

Kutamba kwanza, maana hilo ni jepesi. Marekani, Noah lilishika namba moja kwa watoto wa kiume mwaka 2013, likiliondoa Jacob lililokuwa limekaa pale tangu 1999, na halikushuka hadi Liam lilipolipita mwaka 2017. England na Wales liliongoza mwaka 2021 na 2022, kisha 2023 Muhammad likachukua kiti. Sababu? Kwa maoni yangu ni ulaini tu. Silabi mbili, hakuna konsonanti inayokwaruza, Mjerumani analitamka na Mfaransa halimshindi. Wazazi wa siku hizi wanachagua majina kama wanavyochagua nguo ya mtoto, isimchubue.

Kinachonichekesha ni Israeli kwenyewe. Huko, "Noa" unaowasikia wakiitwa uwanjani ni wasichana. Na si jina lile lile. Noa wa kike ni mmoja wa mabinti watano wa Selofehadi, wale waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao katika Hesabu 27. Kwa Kiebrania jina lake lina herufi nyingine, na shina lake ni la kutikisika, la mwendo. Yaani mmoja pumziko, mwingine mwendo, na alfabeti ya Kizungu imewavalisha karibu shati moja.

Sasa hilo "pumziko". Shina la jina ni kweli linahusu kupumzika. Lakini fungua Mwanzo 5:29 umsikilize aliyelitoa. Lameki anasema amemwita mwanawe hivyo kwa kuwa huyu atawafariji katika taabu ya mikono yao, kwa ardhi iliyolaaniwa. Kufariji, kwa Kiebrania, ni shina jingine kabisa. Yanafanana kwa sauti, si kwa asili. Marabi wa kale waliliona hilo na kulijadili: jina halilingani na maelezo yake. Mimi silioni kama kosa. Mzazi gani anayetoa jina kwa kamusi? Lameki alikuwa mkulima aliyechoka, akasikia faraja ndani ya pumziko, akaita.

Na msimuliaji naye hakuacha kulichezea. Kwa Kiebrania jina hilo ni konsonanti mbili tu, nun (n) na het (h ya kooni). Zigeuze na utapata neno la "neema", na Mwanzo 6:8 inasema Nuhu alipata neema. Safina inapokaa juu ya milima ya Ararati, kitenzi ni cha shina lile lile. Njiwa anapokosa mahali pa kuweka unyayo wake, "mahali" hapo pana shina hilo pia. Ndiyo maana kama ningeulizwa nifasiri, nisingesema "pumziko", neno linalonukia likizo. Ningesema kutua. Safina imetua, njiwa hakupata pa kutua, mkulima anataka kutua mzigo. Kiswahili kilikuwa na neno tayari, tovuti za majina ndizo hazikuuliza.

Upande wa Waarabu mambo yanapinduka. Shina linalofanana na Nuh kwa Kiarabu ni la kuomboleza, na wapo wafasiri waliosema aliitwa hivyo kwa wingi wa kilio chake. Kilio na kutua katika jina moja. Kwa mtu aliyeshuka kwenye safina akaikuta dunia tupu, naona vyote vinamkaa.

Hapo ndipo nilipomwandikia mpwa: kwa nini asiwe Nuhu?

"Mjomba, Nuhu si la Kiislamu?"

Biblia ya Union Version iliyopo kabatini kwa mama yake inamwita Nuhu, kama inavyomwita Musa, Daudi na Yusufu. Ni jina la watu wa msikitini na wa kanisani, na halijawahi kugombana na mtu. Zaidi ya hapo, ile het ya mwisho, sauti ya kooni, Wagiriki waliidondosha wakasema Noe, na Waingereza wakaiacha kwenye maandishi tu: h ipo, haitamkwi. Sisi tulilipokea kupitia Kiarabu, na herufi ikafika nzima. Nu-hu. Anayetafuta Uebrania wa jina basi ameupita nyumbani akaenda kuufuata Marekani. Na akiandika bila h, kama baadhi ya watafsiri wetu walivyofanya, atakuwa anamwamuru mtoto anoe kisu. Shemeji wa Arusha akadakia: "Mpwa, umenoa!"

Hakunijibu siku mbili. Cheti cha kuzaliwa kimetoka na Noah, na ni haki yake, mtoto ni wake.

Jumapili tulienda. Nikamkuta dada yangu anamwogesha mjukuu kwenye beseni, mtoto anarusha miguu, maji hadi kwenye mkeka.

"Tulia, Nuhu wangu, tulia."

"Noah, mama," mpwa akasema kutoka chumbani.

"Si ndiyo nimesema. Nuhu."