Shati ni Lako, Rangi ni ya Wote

Basi nyie, nilivyofika Jaipur, India, kusoma nikagundua kila Mbongo wa huku ana biashara mtandaoni. Yupo wa mawigi, yupo wa sari, yupo wa dawa za ngozi ambaye yeye mwenyewe ngozi inamsumbua. Nikasema ngoja nije na kitu cha tofauti, vitu vya asili vya Kihindi vilivyotengenezwa kwa mkono, maana huu mji mafundi wamejaa mpaka vichochoroni, wa vito, wa shaba, wa mazulia, wa ngozi, wewe tu na hela yako. Akaunti ikawa ya dada yangu aliyeko Tandika, yeye anapokea oda na malipo, mimi huku kazi yangu ni kwenda chimbo, kupiga picha na kumwandikia kapsheni inayoishia na "bei njoo inboksi", hata kama bei ni ile ile kwa kila mtu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mojari, vile viatu vya ngozi vya Rajasthan vyenye nakshi za uzi na ncha iliyojikunja kwa juu. Sasa mojari za kienyeji kabisa hazina kulia wala kushoto, zote mbili zinakatwa sawasawa, unavaa hivyo hivyo mpaka ngozi inazoea na kila kimoja kinakuwa cha mguu wake. Mimi hilo nalijua, dada analijua, mteja wa Mbagala hakulijua. Akatuma voisi ndefu anasema tumemtumia mguu mmoja mara mbili. Dada akamjibu kwa adabu, dada yangu vivae tu wiki moja hivi, vyenyewe vitachagua. Yule mama akauliza, "Kwani nimenunua kiatu au nimepewa mtoto wa kulea?"

Tukaingia kwenye vyombo vya bluu vya Jaipur. Hivi havifinyangwi kwa udongo wa kawaida, ni unga wa mawe ya kwatzi na vioo vilivyosagwa, vinachomwa mara moja tu kwa moto usio mkali, vizuri balaa, ila ukivitazama vibaya vinapasuka. Nikampa kaka mmoja aliyekuwa anarudi Dar, nikamlipia kilo mbili kwenye begi lake. Alifika nazo salama zote mbili, ila sahani haikuwepo hata moja.

Ndo nikasema tuhamie kwenye nguo, nguo haivunjiki na haina mguu wa kushoto.

Kama kilomita 30 kutoka Jaipur, barabara ya kwenda Ajmer, kuna mji mdogo unaitwa Bagru, na watu wa ukoo wa Chhipa pale kazi yao vizazi na vizazi ni kuchapa vitambaa kwa vibao vya mbao. Nilimpata mzee mmoja, wote wanamwita Babuji na mimi nikamwita hivyo hivyo. Mikono yake ni ya bluu mpaka kwenye viwiko, mwanzoni nilidhani kavaa glavu. Akanionyesha kazi yao ya dabu. Wanachanganya matope, chokaa, gundi na makapi ya ngano, wanachovya kibao kwenye yale matope wanagonga kwenye kitambaa, tap, tap, tap, halafu wanamwagia unga wa mbao ili yasishikane, kinaanikwa juani, kikikauka kinatumbukizwa kwenye pipa la nili. Kikitoka kina rangi ya kijani, nikaanza kumuonea huruma mzee wa watu nikijua kaharibu, kumbe kikipigwa na hewa kinageuka bluu pale pale mbele ya macho yako. Pale palipokuwa na matope panabaki peupe. Baadae kinafuliwa, matope yanatoka, na ile nili iliyozidi nayo inatoka. Naomba hiyo sentensi ya mwisho mwiishike, tutaihitaji.

Tukaposti. Na kabla hata Dar hawajaamka, inboksi akaingia mwenyekiti wa kamati.

Kamati yenyewe ilikuwa ya Siku ya Kiswahili, ile ya tarehe 7 Julai ambayo UNESCO waliitangaza mwaka 2021. Wanafunzi wa Tanzania na Kenya wa mjini walitaka wafanye sherehe, na sherehe ya Waswahili bila sare mnajua wenyewe hiyo ni semina. Mwenyekiti akaagiza mashati arobaini, bluu iliyokolea, na kifuani neno KISWAHILI kwa herufi nyeupe. Nikapiga hesabu ya faida nikajikuta nachagua rangi ya friji.

Hapo kwenye neno pana kastori kadogo. Kibao cha kuchapia lazima kichongwe kinyume ili kikigongwa neno likae sawa, hata mhuri wa ofisi uko hivyo. Mimi kwa kutaka kumrahisishia mchongaji kazi, nikaligeuza neno kwenye simu nikampelekea likiwa kinyume tayari. Mchongaji naye ni fundi wa miaka mingi, haambiwi, akaligeuza na yeye. Kwa hiyo sote wawili tukawa wema kupita kiasi, na mashati arobaini yakatoka yana maandishi ambayo msomaji lazima awe na kioo. Nilivyomwonyesha mwenyekiti nilikuwa nimeshaandaa machozi. Akavaa, akatoa simu ajipige selfi, na kamera ya mbele si inageuza picha, KISWAHILI hiyo imekaa wima, safi kabisa. Akasema, "Aisee umefikiria mbali." Nikasema ahsante.

Tatizo kubwa lilikuwa mvua. Huku mvua za masika yao zinaingia mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na zikishaingia kazi ya dabu inalala, matope yasipopata jua hayakauki. Babuji alinieleza mapema sana kwamba vile vitambaa vimesuuzwa mara moja tu, bado vifuliwe vizuri, vipigwe kwenye jiwe, vianikwe, virudiwe tena. Nikaipeleka hiyo taarifa kwenye grupu la kamati. Majibu yakaja kumi na saba kwa mpigo, yote kwa herufi kubwa. Mweka hazina, ambaye mtamsikia tena huko mbele, akaandika KWANI SISI TUNAFUA AU TUNAVAA. Basi tukachukua. Fundi cherehani alivyomaliza kushona akanionyesha mashine yake, ilikuwa ya bluu, akanionyesha mtoto wake aliyekuwa anamsaidia kukata nyuzi, naye alikuwa wa bluu. Akanidai nyongeza.

Siku ya siku ikafika. Sherehe ilikuwa kwenye bustani za kukodi, zile ambazo Wahindi wanafanyia harusi, majani ya kijani, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, meza nyeupe, turubai jeupe pembeni. Nani alichagua nyeupe sijui. Mgeni rasmi alikuwa profesa mmoja mzee, mpole, kavaa kurta nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, kaja na mkewe. Yule mzee alikariri "habari zenu" usiku kucha, unaona kabisa midomo inacheza.

Wakati wa risala wingu likaja. Mkenya mmoja akasema tuingie chini ya turubai, Wabongo tukamwambia mvua ni baraka. Ikadondoka. Hatukukimbia, DJ naye alishaweka singeli, na singeli na mvua mnajua vikikutana hakuna anayekaa. Watu arobaini tukaingia kati, tunaruka, maji yanatiririka, na mimi ndo wa kwanza kuona kwamba yale maji kwenye miguu ya watu yana rangi.

Nikanyamaza. Nyie mngefanyaje?

Baada ya dakika chache haikuwa siri tena. Shingo za bluu, viwiko vya bluu, dada mmoja alijifuta uso kwa mkono wa shati akatokea na ndevu. Viti vyote vina alama ya makalio. Wapishi walishatoa pilau na watu walishanawa kwa yale maji ya mvua wakaanza kula kwa mikono, na pilau la siku ile, tuseme tu kwamba karafuu ilikuwa haionekani. Mwenyekiti, kwa furaha yake, akamfuata mgeni rasmi akamkumbatia. Si kumshika mkono, alimkumbatia kwa moyo wote, akampiga na mgongo pa pa pa. Alivyomwachia, nyuma ya ile kurta kulikuwa na viganja viwili kamili, vidole kumi unavihesabu. Profesa akapanda jukwaani kutoa hotuba, akasema "habari zenu" vizuri sana, akageuka kuangalia bango, ukumbi mzima ukaona.

Mkewe alikuwa mstari wa mbele. Akaniita taratibu, beti njoo, yaani binti njoo, akaniuliza ile mikono ni ya nani, kwa sababu mmoja una pete. Ikabidi mwenyekiti aitwe, aende mbele ya yule mama, aweke viganja vyake juu ya vile vya kwenye mgongo wa profesa, na pete ikakaa mahali pake. Mama akacheka mpaka akaomba maji.

Kutoka pale kurudi nyumbani bajaji tatu zilitukataa. Ya nne dereva alitutazama akasema, "Didi, Holi si ilishapita Machi?" Holi ndo ile sikukuu yao ya kurushiana rangi. Akatutandikia magazeti.

Sasa mweka hazina. Yeye anakaa hosteli ya wasichana, alifika kachoka akalala na shati lake, hakuoga, na alishajifutia mdomo kwa mkono wa shati baada ya pilau. Alfajiri umeme ukakatika, mwenzake wa chumbani ambaye ni Mhindi akamulika simu amwamshe, akakutana na mtu midomo ya bluu, kucha za bluu, anakoroma. Zile kelele nasikia ziliamsha ghorofa zote. Matroni akaja mbio na kile kidude cha kupima oksijeni kwenye kidole, tangu enzi za korona kila hosteli hapa inacho. Wakambana nacho kidole, ikasoma 81. Kile kidude kinapitisha mwanga kwenye ukucha, ukiwa na rangi ya bluu pale kinachanganyikiwa, kinasoma chini. Lakini nani anajua hayo saa kumi na moja alfajiri gizani? Matroni akapiga 108 ambulensi ikaja.

Mweka hazina anaamka, kalazwa kwenye machela, kavalishwa maski, mwenzake analia, anafikiri amekufa. Anauliza kwa Kiswahili, "Michango ya sherehe nani kaishika?" Hakuna anayemwelewa. Huko hospitali daktari kijana akamuuliza amekula nini, akasema pilau, akaulizwa lina nini, akaanza kutaja viungo vyote mpaka binzari, daktari anaandika. Akaja nesi mmoja mtu mzima, hana haraka, akachukua pamba akamsugua mdomo, akaitazama pamba, akamvua soksi akambana kile kidude kwenye kidole cha mguu. 98. Nesi akamgeukia daktari akasema neno moja tu, Bagru. Kumbe kaolewa huko.

Kesho yake grupu la kamati lilibadilishwa jina likaitwa RUDISHA HELA. Mimi nikakusanya mashati yote arobaini kwenye magunia nikapanda basi la Bagru. Babuji alivyonifungulia mlango akaniangalia mikono, akaniinulia ya kwake, akaita familia nzima waje waone. Wakacheka, wakanipa chai, wajukuu wakaleta mikono yao tulinganishe. Baadae akayachukua magunia, akasema jua likitulia atayafua yeye mwenyewe bila malipo, maana hawezi kuacha kazi yake itembee mjini nusu.

Akayafua kweli. Yalivyorudi jamani yalikuwa mazuri, bluu imetulia, nyeupe imekuwa nyeupe, unasugua na leso haitoki kitu. Nikagawa, watu wakapoa, grupu likarudi jina lake. Kasoro moja ndogo. Pamba haijawahi kufuliwa hivyo tangu isokotwe, na Babuji hana masihara kwenye kufua, kwa hiyo kila shati lilirudi kimo. La mwenyekiti, ambaye mwili anao, lilikuwa linaishia juu ya kitovu.

Akalikataa, akampa mpenzi wake. Yule dada akalivaa kama kitopu na jinzi, akaposti, wasichana wa Nairobi wakaanza kuuliza kinauzwa wapi, akawaelekeza kwa dada yangu. Dada akauza vyote alivyokuwa navyo, na mimi nikatumwa Bagru nikaombe mashati mengine, safari hii yafuliwe kwa hasira.

Jana mwenyekiti kanitumia meseji. Anataka kamisheni, anasema yeye ndo kachangia kitambi.