Uzi Ule Ulikuwa wa Nani?

Wapo wanaoitazama sindano ya mwanamke wa makoloni ya Kiingereza kule Marekani, karne ya 17 na ya 18, wakaona pingu. Wengine wanaona fahari: mama wa New England, yaani makoloni ya kaskazini, kando ya moto, anafuma, nyumba imetulia. Picha hii ya pili inanitia shaka zaidi, maana aliyeichora hakupata kutengeneza uzi wa kitani. Mmea unang'olewa, unalowekwa hadi uoze, unapondwa, unachanwa kwa meno ya chuma, ndipo usokotwe. Na hapo nguo bado.

Kufuma soksi kulikuwa kazi nyepesi zaidi. Mkono ukishazoea, macho yako huru: unapiga soga, unaangalia chungu, mguu unabembeleza mtoto. Ila ukifika kisiginoni, hata mzoefu hunyamaza akahesabu vitanzi vya uzi sindanoni.

Wenye kuona fahari wana hoja nzito hata hivyo. Bunge la Uingereza lilipopitisha kodi za Townshend mwaka 1767, yaani ushuru wa bidhaa zilizoingizwa makoloni, bidhaa za Uingereza zikasusiwa na gurudumu la kusokotea likaingia kwenye siasa. Kati ya 1768 na 1770 wanawake wa New England walikusanyika, mara nyingi nyumbani kwa mchungaji, wakasokota kutwa nzima, na magazeti yakawaandika. Watu wasio na kura, kuandikwa gazetini kwa ajili ya uzi, si haba! Lakini jioni uzi huo kwa kawaida alikabidhiwa mchungaji, na makoloni yakaendelea kuvaa vitambaa vya Uingereza.

Hapo ndipo mimi ninapopimia: kazi ikiisha, nani anaichukua? Kwa sheria ya Kiingereza, alichochuma mke kilikuwa cha mumewe. Kule Virginia, shambani kwa George Washington, Mount Vernon, wanawake watumwa walisokota na kushona pia, na hakuna gazeti lililowaita wazalendo. Kwao hoja ya fahari haina pa kushika.

Hata hivyo siwezi kuukataa uzi wote. Plymouth, kule Massachusetts, kumehifadhiwa kitambaa cha mafunzo alichotarizi Loara Standish, yapata 1653. Wasichana wengi wa zama zake walifundishwa kusoma na kushona, lakini kalamu ilihesabiwa ya wavulana. Chini ya safu za mapambo, Loara ameandika jina lake kwa sindano.