Ukale Pekee Si Sababu ya Kupanda Mtufaha

Wengi wanaotaka kupanda mtufaha wa aina ya kale nyumbani huanza na jina. Husoma kwamba Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, alipanda aina ya Esopus Spitzenburg katika shamba lake la Monticello, au kwamba mti unaohusishwa na mwanasayansi Isaac Newton kule Woolsthorpe, Uingereza, ni wa aina ya Flower of Kent, na hapo hapo moyo huwa umekwisha kuamua. Nawaelewa, kwa kuwa historia hizo hunivuta hata mimi. Lakini nashikilia kwamba historia iwe jambo la mwisho kutazamwa, na kwamba ukale wa aina usichukuliwe kuwa ushahidi wa uimara wa mti.

Dhana ya kwamba kilichodumu miaka mia mbili lazima kiwe na nguvu ingekuwa na msingi kama mitufaha ingejiendeleza yenyewe kwa mbegu, jambo ambalo halitokei. Mbegu ya tufaha tamu hutoa mche wenye tabia zake mwenyewe, na mara nyingi matunda ya mche huo huwa madogo na makali. Ili aina iendelee kuwa ile ile, ni lazima kikonyo, yaani kijitawi kichanga, kikatwe kwenye mti wake na kubebeshwa, yaani kuunganishwa, juu ya shina la mche mwingine, na kazi hiyo irudiwe kizazi baada ya kizazi. Miti yote ya Bramley's Seedling, popote ilipo, chanzo chake ni mbegu aliyoipanda Mary Ann Brailsford mjini Southwell, Uingereza, mwaka 1809. Basi aina ya kale imefika kwetu kwa sababu watu waliipenda, na watu huweza kulipenda sana tunda la mti dhaifu. Cox's Orange Pippin, ambayo Richard Cox aliiotesha huko Colnbrook yapata mwaka 1825, ina ladha ambayo matufaha machache huifikia, lakini mti wake huandamwa na ukungu unaoacha mabaka meusi kwenye majani na matunda, na ubwiri unga, na vidonda vya matawi. Mwenye bustani ndogo asiyependa kupulizia dawa namshauri auache, hata kama ndio mti aliouota tangu utotoni.

Jambo la kwanza kutazamwa ni baridi. Mtufaha hulala msimu wa baridi, na aina nyingi za kale zilizotoka nchi za kaskazini huhitaji kati ya saa 800 na 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo ziamke vizuri. Zisipoipata, macho ya matawi hufunguka kwa kupishana na maua huwa machache. Kwenye baridi ya kutosha kuna hatari ya upande wa pili, yaani jalidi inayoshuka wakati maua yamekwisha kufunguka. Hapo ndipo ninapoipenda Court Pendu Plat, aina ya kale mno ambayo huchelewa kuchanua na kwa hiyo huikwepa jalidi, na kwa sababu hiyo Waingereza waliipa jina la tufaha lenye busara.

Jambo la pili ni chavua, na hili nalisema kwa uchungu. Nilipoanza, nilinunua kwenye kitalu kimoja miche miwili, Bramley's Seedling na Ribston Pippin, nikiamini kwamba itachavushana. Hakuna aliyeniambia kwamba aina zote mbili zina seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, badala ya mbili, na kwamba chavua ya miti ya namna hiyo haifai kitu kwa jirani yake. Miti ilistawi, ikachanua hadi matawi yakawa meupe, nyuki wakaja kwa wingi, lakini matunda yakawa ya kuhesabika kwa vidole. Nilipoteza misimu kadhaa nikiulaumu udongo na kubadilisha mbolea. Dawa yake ilikuwa mti wa tatu, James Grieve, wenye chavua nzuri na unaoweza, kwa kiasi fulani, kuzaa kwa chavua yake wenyewe. Tangu ulipoanza kuchanua pamoja na wenzake, Bramley imekuwa ikizaa kiasi cha kuhitaji nguzo chini ya matawi. Kwa hiyo anayenunua mche wa aina ya kale aulize mapema unachavushwa na nani, na wenyewe unaweza kumchavusha nani.

Shina la chini, lile ambalo kikonyo hubebeshwa juu yake, nalo lisisahaulike, kwa kuwa ndilo linaloamua ukubwa wa mti: shina la aina iitwayo M9 huuacha mti kwenye mita mbili na nusu hadi tatu, lakini utahitaji mhimili maisha yake yote, ilhali mti ulio juu ya shina la MM106 hufika mita nne hivi na husimama wenyewe ukishakomaa.

Ni baada ya hayo tu ndipo ladha na matumizi vipewe nafasi, na hapa uwanja ni mpana, kwa maana mkusanyiko wa taifa wa matunda wa Uingereza, ulioko Brogdale katika jimbo la Kent, peke yake una aina zaidi ya 2,000 za matufaha. Mimi, kwenye nafasi ya mti mmoja tu penye majirani wa kuuchavusha, ningepanda Ashmead's Kernel, iliyotokea Gloucester karibu mwaka 1700. Haizai kwa wingi, na ganda lake la hudhurungi lenye kukwaruza halimvutii mpita njia. Lakini haisumbuliwi sana na ukungu wa mabaka, na tunda lake, ambalo siku ya kuchumwa ni gumu na kali, likiwekwa mahali pa baridi kwa miezi miwili au mitatu hugeuka kuwa tamu lenye harufu nzito, wakati matufaha ya mapema yalikwisha kulainika na kuoza zamani.